Mdhamini, Amana na Ardhi ya Njoro

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza pale Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, hulijua neno "mdhamini" kabla hajaijua njia ya maktaba. Amelikuta kwenye fomu ya mkopo wa HELB, bodi ya Kenya ya mikopo ya elimu ya juu, akaenda kumwomba mjomba wake sahihi, na mjomba akauliza swali moja tu: "Usipolipa, watakuja kwangu?" Mjomba ameuelewa udhamini barabara. Ndivyo unavyoeleweka mahakamani Nakuru pia, ambako mdhamini huweka hati ya shamba lake ili mshtakiwa alale nyumbani akisubiri kesi. Na redioni, mdhamini wa ligi ni kampuni iliyonunua jezi.

Sasa mwanafunzi huyohuyo anasoma kwamba chuo kikuu fulani cha umma huko Marekani kinaongozwa na bodi ya wadhamini. Nani atamlaumu akidhani ni matajiri wanaokichangia chuo, au watu watakaobeba madeni yake kikikwama? Lakini "trustee" wa Kiingereza, tuliyempa jina la mdhamini, hamlipii mtu deni. Amekabidhiwa mali awatunzie wengine. Hati yaweza kuwa na jina lake, ila faida ni ya wale anaowatunzia, na akiila ni mwizi.

Mkanganyiko umeanzia kwenye mzizi tulioazima. Dhamini na dhamana zimetoka katika Kiarabu, na huko nako zinahusu kumbebea mwenzio dhima. Waarabu wenyewe, wanapotaja bodi ya chuo kikuu ya namna hii, hawautumii mzizi huo. Husema majlis al-umana, yaani baraza la walioaminiwa, na neno hilo ni ndugu wa amini, imani, mwaminifu na amana. Amana tulikuwa nayo mkononi siku zote. Mtu wa Pwani anayesafiri akamwachia jirani kasha lake husema amemwekea amana, na jirani anajua kwamba kasha lile halifunguliwi. Zanzibar neno hilo lingali serikalini, katika Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Tanzania Bara ilifuata njia nyingine: RITA, wakala unaosajili bodi za wadhamini, umebeba neno "udhamini" ndani ya jina lake. Hata Tanganyika, kuanzia 1946 hadi uhuru, ilikuwa nchi ya udhamini wa Umoja wa Mataifa.

Kwa hiyo neno limeshaota mizizi, wala sipendekezi ling'olewe. Ninachotaka ni tulitumie tukikumbuka lililo chini yake, kwa sababu neno huamua swali. Mdhamini huulizwa: utalipa? Aliyewekewa amana huulizwa: kile tulichokuachia kiko wapi?

Egerton ni mahali pazuri pa kulipima jambo hili. Mwaka 1939 Lord Maurice Egerton wa Tatton, mlowezi Mwingereza ambaye kasri lake bado linasimama Ngata, alitoa ekari 740 hapo Njoro kwa ajili ya shule ya kilimo. Baadaye aliongeza ekari 1,100. Shule ilikusudiwa vijana wa Kizungu wajifunze kazi ya shamba. Hao ndio aliowafikiria mtoaji. Ila amana huwa na mweka, mwekewa na mnufaika, na hapa pande zote zinahitaji kutazamwa upya. Mweka amana alitoa ardhi ya eneo ambako Wamaasai walikuwa wameondolewa kwa mkataba wa 1904 ili kuwapisha walowezi. Wanufaika nao walibadilika: chuo kilikuja kuwafungulia mlango watu wa rangi zote, kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1986, na mwaka 1987 sheria ya Bunge ikakifanya chuo kikuu kamili. Mtoto wa mkulima wa Molo au Rongai anayesoma Njoro leo ndiye mnufaika ambaye mtoaji hakumwazia. Kwangu mimi, haki yake katika ekari zile ni kubwa kuliko nia ya mtoaji.

Na mwekewa amana ni nani? Hapa sheria ya Kenya inataka tuwe makini. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 haina wadhamini kwa vyuo vya umma. Ina Baraza, lenye mwenyekiti, makatibu wakuu wa elimu ya vyuo vikuu na wa Hazina ya Taifa, wajumbe wengine wanaoteuliwa na waziri, na naibu chansela kwa wadhifa wake. Baraza huajiri, hupitisha bajeti na kanuni; masomo na mitihani ni kazi ya Seneti. Chuo chenyewe ni mtu mbele ya sheria, kinaweza kumiliki ardhi, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Mjumbe wa Baraza hashiki hati yoyote kwa jina lake. Wadhamini halisi utawapata kwenye makanisa na taasisi zilizosajiliwa chini ya Sura ya 164 ya sheria za Kenya, ambapo bodi yenyewe ndiyo hushika mali.

"Baraza" nalo lina mzigo wake. Mtu wa Njoro akisikia neno hilo humkumbuka chifu chini ya mti, ambapo mama yeyote husimama na kuuliza kuhusu mfereji wa maji. Baraza la chuo hukutana ndani, na wajumbe wake ndio wanaosema. Hata hivyo nalipenda neno hili kuliko "bodi", maana linamwachia raia tumaini la kuuliza, na chuo cha umma kinaendeshwa kwa kodi yake.

Ninapofasiri, pale palipo na bodi iliyosajiliwa kuwa ya wadhamini naandika "wadhamini", na mara ya kwanza naongeza "waliowekewa amana". Kwa Egerton naandika "wajumbe wa Baraza". Sentensi ikifika kwenye ardhi ya Njoro, kitenzi ninachowapa ni kutunza. Kumiliki nakiachia chuo.