Gari la waya

Gari la waya ni kitu cha kuchezea ambacho mtoto hujiundia kwa kukunja waya na kuutia magurudumu ya vitu vilivyokwisha kutupwa. Linajulikana Kenya na Tanzania, na kuelekea kusini hadi Malawi, Zambia na Zimbabwe. Wamalawi huliita galimoto. Mwandishi wa Marekani Karen Lynn Williams alilipa jina hilo kitabu chake cha watoto cha mwaka 1990, kinachomfuata mvulana Kondi akizunguka kijijini kutafuta waya.

Waya unaofaa ni ule unaopindika kwa mkono lakini haulegei: hanga kuukuu ya nguo, au waya laini wa mafundi wa kufungia nondo. Mtoto huanza na fremu, yaani chasi ya mstatili, kisha husimamisha nguzo za bodi juu yake. Maungio hufungwa kwa waya mwembamba zaidi au kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Magurudumu hukatwa kwenye soli ya kandambili. Vizibo vya soda na vifuniko vya makopo navyo hutumika, ila huteleza mchangani. Ncha ya ekseli hukunjwa ili gurudumu lisichomoke.

Ufundi wenyewe umo katika usukani. Ekseli ya mbele haikazwi kwenye fremu. Huunganishwa na mti mrefu wa waya unaopita ndani ya pete, ukapanda kwa kulala nyuma hadi kifuani mwa mtoto, na huko juu hukunjwa duara. Duara likizungushwa, mti huzunguka ndani ya pete na magurudumu ya mbele hufuata. Hivyo dereva hutembea wima nyuma ya gari lake, akilisukuma na kulikatisha kona kwa wakati mmoja. Pete ikibana sana gari halikati kona, ikilegea, linayumba. Mtoto hulijua hilo kwa kufungua na kufunga tena, na mtu mzima anayemkunjia pete humnyima sehemu tamu kuliko zote.

Hakuna mchoro wa kufuata. Mtoto huangalia magari yanayopita kwao, basi, lori la mchanga au Land Rover, akachagua alama chache zinazolitambulisha: keria juu ya paa, ngazi ya nyuma, pua ndefu. Huo ni uchongaji halisi, na unastahili nafasi katika kipindi cha sanaa sawa na uchoraji.

Ncha zote za waya zikunjiwe ndani, na koleo litumike mkubwa akiwa karibu. Kwa walio wadogo mno kushika waya, boksi la dawa ya meno hutosha: vijiti vya mishikaki vilivyokatwa ncha huwa ekseli, vifuniko vya chupa huwa magurudumu, na uji mzito wa unga wa ngano huwa gundi ya kubandikia madirisha ya karatasi.