Kabla ya Sita Kulikuwa na Tandatu

Juma hili nawarudisha Mwadui, utotoni kwangu. Mwalimu aliniamuru nihesabu hadi kumi. Tano niliifikia salama, kisha ulimi ukateleza: itandatu, mpungati. Darasa likacheka, nami nikachapwa. Hicho ni Kisukuma, nikaambiwa, si Kiswahili.

Ukubwani nimeanza kujifunza kuhesabu Kikorea, nikakuta hesabu mbili. Ya kwao wenyewe ni hana, dul, set. Waliyoichukua kwa Wachina ni il, i, sam. Saa hutajwa kwa ile ya kwanza, dakika kwa ya pili. Kila nilipozichanganya, niliikumbuka ile fimbo.

Kumbe Kiswahili nacho kina hesabu mbili, ila zimeshonwa nguo moja. Moja hadi tano, nane na kumi ni za Kibantu. Sita, saba, tisa, ishirini, mia na elfu zina asili ya Kiarabu. Zamani watu wa pwani nao walisema tandatu na kenda. Saba ilikuwa fungate, na hadi leo siku saba za maarusi zaitwa hivyo.

Basi mtoto yule hakuharibu Kiswahili. Aliyataja maneno ya ukoo mmoja, ambayo Wasukuma wameyatunza na pwani ikayaacha. Hata mwenye fimbo, akitupa methali ya heri kenda shika kuliko kumi nenda uje, anahesabu kama bibi yangu. Walimu, mtoto akiteleza hivyo, mwambieni neno lilikotoka.