Mnara wa Forodhani na Watu Wasio na Majina

Zipo picha mbili za Forodhani ya Unguja ambazo mtu akiziweka sambamba huenda akadhani ni za miji miwili. Zote zimepigwa kutoka upande wa bahari. Katika ile ya kwanza, iliyopigwa kabla ya Agosti 1896, Beit al-Ajaib imesimama na roshani zake zilizobebwa na nguzo, na uso wake hauna mnara. Mnara upo mbele, peke yake, karibu na ufukwe, na ulikuwa na saa na taa ya kuongozea vyombo. Kushoto kwa nyumba hiyo yanaonekana makasri mengine, Beit al-Hukm na Beit al-Sahel. Katika picha ya pili mnara wa ufukweni haupo. Mwengine umeota kwenye paji la uso la Beit al-Ajaib yenyewe, na pale palipokuwa na Beit al-Hukm pamebaki uwazi.

Baina ya picha hizo mbili ipo asubuhi moja. Tarehe 25 Agosti 1896 alifariki Sultani Hamad bin Thuwaini, na Khalid bin Barghash akaingia kasri bila ya ridhaa ya Waingereza. Siku mbili baadaye, tarehe 27, manowari za Kiingereza ziliupiga ufukwe kwa mizinga kwa muda usiotimia saa moja. Watu wanaokadiriwa kufikia 500 waliuawa au kujeruhiwa. Beit al-Hukm iliangamia, mnara wa ufukweni haukufaa tena kusimama, na Glasgow, meli ya Sultani, ikazama bandarini. Milingoti yake ilibaki ikichomoza juu ya maji kwa miaka mingi, na wapiga picha wa zama hizo hawakuacha kuielekezea kamera zao. Beit al-Ajaib ilipokarabatiwa ndipo ilipopewa mnara wake wa mbele.

Kwa hivyo mgeni anayesimulia kwamba mnara ule ulijengwa na Sultani Barghash pamoja na nyumba mwaka 1883 hukosea, na mwenyeji anayemwitikia hukosea pamoja naye. Barghash alifariki mwaka 1888. Hakuuona mnara huo juu ya nyumba yake hata siku moja. Jambo hili linaweza kusomwa vitabuni, lakini picha hulisema kwa namna ambayo haimwachii mtu nafasi ya kubisha.

Ndiyo maana picha za kale za mji si pambo la ukutani tu. Mji una tabia ya kuficha umri wake. Ukuta ukipigwa chokaa mpya huonekana wa jana, na bustani ikishapandwa miti hudhaniwa kuwa ilikuwapo tangu enzi. Bustani ya Forodhani ilitengenezwa mwaka 1936 kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Harub. Kabla ya hapo palikuwa mahala pa kazi na mizigo, na katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 reli ya Bububu ilipita jirani na kuta za Ngome Kongwe. Reli hiyo imekufa zamani na kuacha alama chache ardhini. Katika picha, moshi wake ungali unapanda.

Tazama pia Darajani. Kila siku maelfu ya watu huenda sokoni Darajani na hakuna anayeuliza daraja liko wapi. Wakaazi wa mashariki ya mji huitwa watu wa Ng'ambo, na hakuna anayeuliza ng'ambo ya nini. Majina hayo mawili ni ushahidi wa mkono wa bahari ulioutenga Mji Mkongwe na upande wa pili, maji yakijaa na kutoka, hadi ulipofukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20. Picha za zamani zinauonyesha mkono huo ukiwa umejaa maji na vyombo vikielea pale ambapo leo hupita magari. Hapo neno na picha hushuhudiana. Neno limehifadhi jambo baada ya jambo lenyewe kutoweka, na picha imekuja kulithibitishia ukweli wake. Kwa wapenzi wa ushairi hilo si geni, kwani beti ngapi za kale zimehifadhi neno ambalo maana yake ilikwisha kusahauliwa na wengi?

Hazina hii ina watu walioikusanya. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 kilifunguliwa Unguja chumba cha picha cha A. C. Gomes, mtu mwenye asili ya Goa, na baada yake wakafuata wengine, wakiwamo ndugu wa Coutinho. Hao ndio waliozieneza sura za mji duniani kwa postikadi. Ranchhod Oza, aliyejifunza kazi kwa Gomes, alifungua chumba chake mwenyewe, Capital Art Studio, mwaka 1930, akapiga picha za watawala, za arusi, za mitaa na za watu wa kawaida waliotaka kumbukumbu. Mwanawe alimfuata katika kazi hiyo. Kwa njia hiyo, sehemu kubwa ya kumbukumbu ya mji ilitunzwa ndani ya maduka, katika masanduku ya vioo na karatasi, mbali na ofisi yoyote ya serikali. Nyaraka za Zanzibar, zilizoasisiwa mwaka 1956 na zenye makao yake Kilimani, nazo zina mkusanyiko wao.

Thamani ya hazina hiyo ilidhihirika kwa uchungu tarehe 25 Disemba 2020. Beit al-Ajaib ilikuwa katika ukarabati wakati sehemu yake ya mbele, pamoja na mnara, ilipoporomoka. Watu wawili walipoteza maisha. Roho haina mfano wake wala picha haiwezi kuirudisha. Ama nyumba, kila fundi atakayeigusa itambidi aulize nguzo ilisimama wapi, roshani ilichongwa vipi, saa ilikaa kwa urefu gani. Katika kuyajibu hayo, picha iliyopigwa na mtu aliyekuwa akitafuta riziki yake tu hugeuka kuwa shahidi.

Walakini upo upungufu ambao ukarabati wa jengo hauugusi. Majengo katika picha hizi yana majina, watu hawana. Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el Murjebi, anajulikana kwa sura na kwa jina, na maisha yake aliyaandika mwenyewe kwa Kiswahili. Wapagazi waliobeba pembe za safari zake wamo pichani pia, wala hakuna aliyeuliza waliitwa nani. Postikadi za zama hizo zimejaa wanawake waliojifunga kanga, wachukuzi, wauza maji na watoto wa mtaani. Chini ya sura zao hakukuandikwa jina. Liliandikwa kabila, au kazi, au neno la jumla tu, kana kwamba mtu ni namna ya kitu.

Fikiria Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba katika nyumba ya wafinyanzi, akaja mjini mnamo mwaka 1911 kama walivyokuja wanawake wengi maskini wa mashamba. Mwaka 1928 sauti yake ilitiwa kwenye santuri huko Bombay, na baadaye Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Yeye alipata jina kwa sababu sauti yake haikuzuilika na kwa sababu alitokea wa kuandika. Lau kamera ingelimkuta njiani katika mwaka ule wa kuja kwake, hapana shaka angeliandikwa chini yake maneno yale yale waliyoandikiwa wenzake. Je, wangapi kati ya wanawake wa postikadi walikuwa na visa vya kusimuliwa, na wajukuu zao wangali wakipita mitaa ile ile?

Kazi ya kuhifadhi, basi, ina nusu mbili. Nusu ya kwanza ni ya mkono. Hewa ya visiwani ina chumvi na unyevu, ukungu hula picha, mchwa hula albamu, na gundi huibadilisha rangi. Picha hutaka mahala pakavu, bahasha ya karatasi nzuri na mkono usio na jasho. Nusu ya pili ni ya ulimi, na hiyo ndiyo isiyongoja. Picha ya miaka ya 1950 huwekwa mbele ya bibi wa Malindi au babu wa Kikwajuni, naye huanza kutaja: huyu alikuwa mwalimu wa skuli, huyu mpiga kanuni, nyumba hii ya fulani kabla haijauzwa. Maneno hayo yaandikwe nyuma ya picha kwa penseli, si kwa wino, pamoja na jina la aliyesema na tarehe aliyosema. Mzee mwengine akipinga, naye aandikwe. Karatasi ikitunzwa inaweza kusubiri miaka mia. Mzee hawezi.

Ipo pia adabu katika kazi hii. Picha nyingi za majumbani zilipigwa kwa ajili ya macho ya jamaa tu. Mama aliyepigwa bila ya buibui aliwaamini waliokuwamo chumbani, hakuuamini ulimwengu mzima. Mwenye kukusanya hana budi kuomba ruhusa, na akiambiwa kwamba picha hii ibaki sandukuni, ibaki, maadamu wenyewe wanajua ni ya nani.

Na zipo picha zilizokwisha kuhama. Mkusanyiko wa Winterton, wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za baina ya 1860 na 1960, umo katika Chuo Kikuu cha Northwestern huko Marekani, na nakala zake zinaweza kuonekana kwa intaneti. Wakutubi wa huko wanaweza kuzihesabu, kuzipanga na kuzilinda na unyevu. Kumtazama kijana aliyeegemea ukuta wa Forodhani na kusema, "Huyu ni mjomba wake marehemu babu," hilo hawaliwezi. Elimu hiyo haikuhama pamoja na karatasi. Imo vichwani mwa watu wanaokaa barazani kila jioni baada ya sala ya alasiri, na kila mwezi barazani hupungua mmoja.