Wayurok: watu ambao "mbele" yao ni mto, na maana halisi ya kuwa wa kwanza

Mtu akikuambia "nenda mbele kidogo halafu kata kushoto" unaelewa fasta. Mbele ni kule uso wako unakoelekea. Ukigeuka, na mbele inageuka na wewe. Rahisi tu, wala hamna mtu anayekaa chini kuliwaza hilo.

Sasa kuna watu kule Marekani, kaskazini mwa jimbo la California, ambao tangu enzi za mababu zao mambo hayakuwa hivyo. Kwao mbele haikai kwenye uso wa mtu. Inakaa kwenye mto. Watu hao wanaitwa Wayurok, na mto wenyewe ni Klamath, unaotoka jimbo la Oregon, unakatisha milimani na kumwaga maji bahari ya Pasifiki. Ni kama kilomita 414 hivi. Wao wenyewe wanauita Hehlkeek 'We-Roy, yaani maji yanayotoka mbali huko milimani.

Jina lenyewe ni njia

Cheki kitu hiki. Hata hilo jina Yurok siyo la kwao. Limetoka kwa majirani zao Wakaruk, na maana yake ni "kule mto unakoteremkia". Nalo neno Karuk maana yake ni "kule mto unakotokea". Yaani makabila mawili jirani yanajulikana dunia nzima kwa majina ambayo ukiyatafsiri ni maelekezo ya njia tu: wa chini na wa juu.

Wayurok wenyewe wakijigawa wanatumia utaratibu huo huo. Wa chini ya mto ni Pohlik-la, wa juu ni Petch-ik-lah, wa ufukweni ni Ner-er-er. Wakitaka kusema mtu wa kwao tu, bila kumgawa, wanasema 'oohl.

Wataalamu waliofika huko mwanzoni mwa karne ya 20 waliduwaa. Walitafuta maneno ya kaskazini na kusini kama wanayoyajua wao, hawakuyakuta. Walichokuta ni pande nne za aina nyingine: mto unakotoka, mto unakokwenda, upande wa majini na upande wa mlimani. Na siyo njiani tu. Hata ndani ya nyumba utaratibu ni huo huo, mlango una pembe yake ya juu ya mto na pembe yake ya chini ya mto.

Ugumu unakuja hapa: mto Klamath haujanyooka, unapinda kama nyoka. Kwa hiyo "juu ya mto" leo inaweza kuwa mashariki, ukitembea kidogo ikawa kusini, ukivuka kona ikawa upande mwingine kabisa. Kwa mgeni mwenye dira hiyo ni vurugu. Kwa Myurok ni dira ndiyo inayochanganya, maana mto haujawahi kumdanganya.

Kabla ya kuwashangaa sana, kumbuka na sisi Waswahili tulifanya kitu kinachofanana. Kaskazini yetu imetoka kwenye upepo wa kaskazi, kusini imetoka kwenye upepo wa kusi. Wazee wa pwani walipima dunia kwa upepo uliosukuma majahazi yao. Wayurok walipima kwa maji yaliyobeba mitumbwi yao ya redwudi. Kila mtu na kinacholeta riziki yake.

Hata kuhesabu kuna adabu yake

Kiswahili tunasema watu watatu, vitu vitatu, miti mitatu. Namba inavaa nguo ya inachokihesabu. Kiyurok nacho kina hali hiyo, ila kimekwenda mbali zaidi. Namba inabadilika kama unahesabu watu, wanyama, vitu vya mviringo, miti, nyumba, mitumbwi au siku. Huwezi kusema tatu tu hewani ukaishia hapo, mwenzako atataka ajue ni tatu ya nini.

Mambo ya Wayurok ndivyo yalivyo. Hamna "mbele" tupu, kuna mbele ya kuelekea wapi. Na hata "wa kwanza" kwao siyo jambo la kusema bila kuuliza: wa kwanza kwa kitu gani?

Nani wa kwanza mtoni?

Hapa ndipo habari inapokuwa tamu. Mto una vitu viwili vinavyotembea: maji yanashuka, samaki wanapanda. Salmoni anazaliwa mtoni, anakwenda kukulia baharini, halafu anarudi kupanda mto ule ule akazae.

Kwa hiyo ukifuata maji, watu wa juu ndio wa kwanza. Ukifuata samaki, wa kwanza ni watu wa mdomoni mwa mto, kule kijiji cha Rek-woi, na wa juu ndio wanaosubiri. Kila mtu pale mtoni ni wa kwanza kwa kitu fulani na wa mwisho kwa kingine.

Wazee wa Kiyurok walilijua hilo vizuri. Samaki wa kwanza wa msimu pale mdomoni hakuwa wa kukimbilia. Kulikuwa na ibada yake maalumu na mtu wake maalumu wa kumla, wengine wote wanangoja mpaka taratibu ziishe.

Na huko juu zaidi, sehemu inayoitwa Kepel, kila mwaka walijenga wando mkubwa, ule uzio wa miti wa kunasia samaki ambao watu wa pwani yetu wanaujua, ila wao waliukatisha mto mzima. Walijenga kwa siku 10, wakavua siku 10, kisha wakaubomoa. Mama mmoja wa Kiyurok aliyetoa kitabu mwaka 1916 ameeleza kwamba hata katika siku hizo za kuvua, milango ya wando ilifunguliwa kila jioni ili samaki wapite waende kwa watu wa juu.

Yaani walikuwa na uwezo wa kukomba wote. Walikuwa mbele. Lakini sheria ilikuwa kwamba aliye mbele anaacha mlango wazi.

Wakaja waliotaka kuwa mbele peke yao

Wayurok wana masimulizi ya viumbe waliokaa duniani kabla ya binadamu, wanaoitwa wo'gey. Hao ndio wa kwanza kabisa. Watu walipotokea, wo'gey wakaondoka, wengine wakageuka mawe na milima. Basi Wazungu walipofika, jina hilo hilo wakapewa wao.

Matendo yao yalikuwa mengine. Dhahabu iliwaleta kwa wingi kuanzia mwaka 1850. Mwaka 1851 serikali ya Marekani ikaweka mikataba na makabila ya California, mwaka 1852 Baraza la Seneti likaikataa yote. Mwaka 1855 Wayurok wakatengewa kipande cha ardhi yao wenyewe kando ya mto. Baadaye watoto wao wakapelekwa shule za bweni, na huko kuongea Kiyurok ilikuwa ni kutafuta adhabu.

Mwaka 1969 mvuvi mmoja wa Kiyurok akanyang'anywa nyavu zake, eti hana haki ya kuvua hapo. Hakunyamaza. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1973 majaji wakasema ardhi ile bado ni ya hifadhi ya watu wake.

Na huko juu ya mto yakajengwa mabwawa ya umeme kuanzia miaka ya 1910. Kuta zile hazikuwa na mlango wa jioni. Samaki walifika, wakagonga zege, wakaishia hapo. Septemba 2002 maji yalipungua na kupata joto, maradhi yakaingia, na salmoni zaidi ya 30,000 wakafa huko chini kabla hata hawajapanda. Waliokuwa wa kwanza kwa maji walisahau kwamba kuna watu wanaongoja.

Wa mwisho, au wa kwanza?

Sheria ya zamani ya Wayurok ilisema kutaja jina la marehemu mbele ya ndugu zake ni kosa, na lililipiwa fidia. Kwa hiyo wazee wa habari hii wabaki bila majina, siyo kwa dharau.

Mzee mmoja wao alifariki Machi 2013 akiwa na miaka 93. Alikuwa mmoja wa wale watoto wa shule za bweni. Magazeti yakaandika kwamba amekufa mtu wa mwisho aliyekulia lugha hiyo tangu utotoni. Kweli, ukihesabu kwa upande huo alikuwa wa mwisho.

Lakini mzee huyo alikuwa amekaa na vijana akiwafundisha. Wenzake waliomtangulia walikubali kurekodiwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, na sauti zao zipo mpaka leo, yeyote anaweza kuzisikiliza kwenye intaneti. Kiyurok kikaingia kwenye shule za sekondari za serikali za kule, kinafundishwa kama somo kamili. Waliowafunga midomo walitumia shule, na shule hiyo hiyo ndiyo inayokirudisha. Kwa hiyo yule mzee alikuwa wa mwisho wa foleni moja na wa kwanza wa foleni nyingine.

Na mto je? Baada ya Wayurok na majirani zao kupigania jambo hilo kwa miaka mingi, mabwawa manne yakabomolewa, kazi ikakamilika mwaka 2024. Ni ubomoaji mkubwa kuliko wote wa aina hiyo katika historia ya Marekani. Oktoba mwaka huo huo salmoni walionekana huko juu Oregon, mahali ambapo hawakufika kwa zaidi ya miaka 100.

Samaki wale hawakuonyeshwa njia na mtu. Mlango ulifunguliwa tu, wakapita, wakaelekea kule kunakoitwa mbele tangu zamani.

Sasa tuje kwako mdau. Kazini, nyumbani, hata kwenye foleni ya maji mtaani, kuna kitu ambacho wewe uko mbele na mwingine yuko nyuma yako anasubiri. Jioni unafungua mlango, au umejenga ukuta? Dondosha maoni yako hapo chini.