Msongo

Pampu ya kisima ikiunguruma bila kupandisha maji, watu wa Pongwe husema, "Umeme mdogo leo." Mara nyingi kilichopungua ni msongo. Neno hili limetokana na kitenzi songa, yaani kubana. Ndilo lililomo katika "msongo wa mawazo", na TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, hulitumia kutaja njia zake kubwa za umeme, kama za kilovolti 220. Msongo ndio unaousukuma umeme ndani ya waya, nao hupimwa kwa volti.

Waya mrefu na mwembamba huula msongo njiani. Chukua pampu inayovuta ampea 15, iliyo mita 60 kutoka meni swichi. Kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, takriban volti 16 kati ya 230 hupotea. Kwa waya wa milimita za mraba 6, hupotea kama volti 7 tu. Mota ya pampu ikikosa msongo wa kutosha huvuta ampea nyingi zaidi, hupata joto, na mwishowe huungua.

Basi kabla ya kununua waya, tumuulize fundi: msongo utashuka volti ngapi hadi kisimani? Jibu lake ndilo litakalotuambia unene wa kununua.