Daftari la Joto la Shanghai

Kila mwaka, jua linapozidi ukali, twasikia maneno yale yale katika uwanja wa kanisa baada ya Misa. Mzee mmoja asema: «Jua kama hili sijaliona tangu kuzaliwa.» Mwenziwe amjibu: «Umesahau, ndugu yangu. Mwaka ule tulipojenga shule lilikuwa kali zaidi.» Hubishana hata watu wote wamekwenda zao, wala hakuna ashindaye. Kwa nini? Kwa sababu wote wawili wana kumbukumbu tu, na kumbukumbu ya mwanadamu huvuja kama ndoo iliyotoboka. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Habari za majira nazo ni vivyo hivyo.

Leo twataka kuwasimulia wasomaji wetu juu ya mji mmoja mkubwa ambamo ubishi wa namna hii waweza kukatwa, kwa maana daftari lipo. Mji huo ni Shanghai, katika nchi ya China, karibu na mahali mto Yangtze unapoingia baharini. Watu walipohesabiwa mwaka 2020, walionekana humo karibu milioni 25.

Katika mji huo kuna mtaa uitwao Xujiahui. Mapadri wa zamani waliandika jina hilo Zikawei. Mahali hapo palipata jina lake kwa ukoo wa Xu, na mtu mkubwa wa ukoo huo alikuwa Xu Guangqi, aliyezaliwa mwaka 1562 akafa mwaka 1633. Alikuwa mwenye elimu nyingi na waziri wa mfalme wa China. Mwaka 1603 alibatizwa akaitwa Paulo. Pamoja na Padri Matteo Ricci alitafsiri kwa Kichina vitabu sita vya kwanza vya Euclid juu ya elimu ya maumbo na vipimo, vikapigwa chapa mwaka 1607. Kaburi lake liko huko Xujiahui hata leo.

Mwaka 1847 Mapadri Wajesuiti walikuja kukaa mahali hapo, na mwisho wa mwaka 1872 walianza kazi ya kupima hewa. Wakati ule palikuwa bado kijiji chenye mashamba na mifereji ya maji, nje ya mji. Mmoja wa wakuu wa kwanza wa kazi hiyo alikuwa Padri Marc Dechevrens, mzaliwa wa Uswisi.

Kazi yenyewe ilikuwaje? Kwa macho ya mpita njia ilikuwa kazi ndogo sana. Kipima-joto huwekwa kivulini, mahali upepo unapopita, kisiguswe na jua wala na joto la ukuta. Hapo hupima joto la hewa yenyewe. Ukikiacha juani, kitajipima chenyewe kilivyochomwa, na hesabu yake itakuwa ya uongo. Saa iliyowekwa ikifika, mtu huenda, hutazama, huandika. Kesho tena, na kesho kutwa, mvua inyeshe au isinyeshe, siku ya kazi na siku ya sikukuu. Siku moja ikirukwa, hakuna awezaye kurudi nyuma aipime.

Lakini sifa ya nyumba ile haikutoka kwanza kwa vipima-joto. Ilitoka kwa tufani, yaani dhoruba kubwa za bahari ya China zinazozamisha meli. Tarehe 31 Julai 1879 tufani kali ilipita Shanghai, na Padri Dechevrens akaandika kitabu cha kueleza mwendo wake. Tangu mwaka 1884 alama za kuwaonya mabaharia zilitundikwa bandarini, ukingoni mwa mto. Baadaye Padri Louis Froc, Mfaransa, aliifanya kazi hiyo zaidi ya miaka 30, hata watu wakamwita Baba wa Tufani. Watu wa meli waliwashukuru Mapadri kwa habari za tufani. Lakini ni nani aliyewashukuru kwa kuandika kwamba Jumanne fulani joto lilifika digrii 31? Hesabu hizo zilikaa kabatini, mwaka baada ya mwaka, kama mbegu isiyopandwa.

Mwaka 1950 nyumba ile ilitwaliwa na serikali mpya ya China. Mapadri hawakuwa tena wenye nyumba. Hata hivyo daftari lilibaki, na watu wengine waliendelea kuandika. Ndiyo sababu leo watu wa Shanghai waweza kulinganisha siku za sasa na siku za mwaka 1873.

Basi tulifungue daftari hilo, tusome kwanza ukurasa wa mwezi wa Mei. Huko Shanghai, mwezi wa Mei si wakati wa joto kuu. Mwezi wa Juni huja mvua nyingi zinazoitwa mvua za plamu, kwa kuwa huanguka wakati matunda hayo yanapoiva, na joto kuu huja baada yake, Julai na Agosti. Joto la Mei hukuta miili ya watu haijalizoea. Na daftari lasema hivi: joto kubwa kupita yote ya mwezi wa Mei lilikuwa digrii 35.7. Lilifika hapo mwaka 1876, tena mwaka 1903, tena mwaka 1915. Kisha ikapita miaka zaidi ya 100, likafika hapo tena mwaka 2018. Miaka mitano tu baadaye, tarehe 29 Mei 2023, kipima-joto cha Xujiahui kilifika digrii 36.7.

Mtu atasema: «Tofauti ya digrii moja ni kitu gani?» Ni kitu kikubwa. Mara nne, katika muda wa zaidi ya karne moja, joto la Mei lilikuwa limesimama mahali pale pale kama mbele ya ukuta. Mara ya tano liliruka ukuta huo kwa digrii nzima.

Tufungue sasa ukurasa wa Julai na Agosti. Tarehe 12 Julai 1934 joto lilifika digrii 40.2. Hesabu hiyo haikupitwa muda wa miaka 79. Lakini tarehe 26 Julai 2013 ilipitwa kwa digrii 40.6, na tarehe 7 Agosti mwaka ule ule kwa digrii 40.8. Mwaka 2017, tarehe 21 Julai, likafika 40.9. Mwaka 2022, tarehe 13 Julai, likarudi pale pale, 40.9.

Hesabu hizo zina watu nyuma yake. Mwezi wa Julai 2013 watu wasiopungua 10 walikufa kwa joto katika mji ule. Mwezi wa Agosti 2022 mto Yangtze ulipungua sana maji, umeme wa maporomoko ya maji ukakosekana, na taa nzuri za ukingo wa mto wa Shanghai zikazimwa usiku mara mbili, tarehe 22 na 23. Siku hizi mji huo hutoa maonyo ya rangi tatu: manjano, rangi ya chungwa, na nyekundu. Nyekundu hutolewa joto linapotazamiwa kufika digrii 40, ili watu waliopewa kazi za juani wapumzishwe, na wazee watazamwe.

Yafaa tuwe waaminifu katika kusoma. Daftari halituruhusu kusema kwamba zamani hapakuwa na joto. Mwaka 1876 ulikuwa na joto kali, nao Mapadri waliliandika. Tena Xujiahui ya leo si kijiji tena. Ni mtaa wa majumba marefu, maduka makubwa na magari mengi. Mawe na lami hushika joto la mchana na kulitoa usiku. Mashamba yaliyopoza hewa hayapo. Kwa hiyo sehemu ya joto lile ni kazi ya mji wenyewe. Lakini si yote. Mabingwa hulinganisha madaftari ya miji na yale ya mashambani na ya baharini, nayo yote yaonyesha dunia inapata joto. Katika miaka ya 2011 hata 2020 dunia nzima ilikuwa na joto zaidi, kwa digrii 1.1 hivi, kuliko miaka ya 1850 hata 1900, hasa kwa sababu ya moshi wa makaa ya mawe na mafuta tunayoyachoma.

Wale walioandika hesabu za mwaka 1876 hawakujua hayo. Hawakujua kwamba siku moja watu wangeuliza kama dunia inabadilika, na kwamba jibu lingehitaji kazi ya mikono yao. Waliandika kwa sababu saa ilikuwa imefika.

Sisi Wakristo twaielewa kazi ya namna hii. Katika kila parokia kuna kitabu cha ubatizo. Padri aandikaye jina la mtoto hajui kama mtoto huyo atakuwa mkulima au askofu. Huandika vilevile, kwa wino mzuri, pamoja na tarehe. Baada ya miaka 50 mtu huja kutafuta jina lake, naye hulikuta.

Basi walimu wetu waweza kufanya jambo hili: kipima-joto kimoja kivulini, daftari moja, na mtoto mmoja wa zamu kila siku. Mwaka wa kwanza watu watacheka. Mwaka wa ishirini, wale wazee wanaobishana baada ya Misa watakuja kuliomba daftari.