Leseni ya Babu na Maji ya Mkondo wa Pemba

Jamaa zangu wa ukoo,

Katika kasha la marehemu bibi, hapa Maskati, tumekuta leseni ya uvuvi ya babu, iliyotolewa Pemba mwaka 1978. Binamu yetu aliyeko Uingereza ameniuliza: je, karatasi hii inatupa sisi wajukuu haki yoyote katika bahari ya Vanga na Shimoni, alikokuwa akivua babu? Kabla ya jibu, hatuna budi kupitia historia.

Babu alikuwa mtu wa dago. Kaskazi ilipoanza kuvuma, yeye na wenziwe walipakia jarife, chumvi na mapipa ya maji katika mashua, wakavuka Mkondo wa Pemba na kupiga kambi pwani ya pili kwa miezi kadhaa. Papa na nguru waliwatia chumvi, wakarejea kabla ya kusi. Baadhi yao walioa huko huko, na ndiyo maana tunao ami zetu Vanga hadi leo.

Kwa wazee wa babu, safari hizo hazikuwa za kutoka nchi moja kwenda nyingine. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilipogawana bara, mstari wao ulianzia mlango wa mto Umba, karibu na Vanga. Lakini ukanda wa pwani wa maili 10 ulitambuliwa kuwa wa Sultani wa Zanzibar. Tangu mwaka 1895 Waingereza waliutawala ukanda wa kaskazini kwa kuukodi, na bendera ya Sultani ikaendelea kupepea. Hivyo mvuvi wa Micheweni aliyetua Vanga alikuwa bado chini ya bendera ya kwao. Mambo yaligeuka Desemba 1963. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10. Kenya ikaupata tarehe 12, ukanda ule ukiwa sehemu yake. Katika muda wa siku mbili, pwani mbili za mkondo mmoja zikawa za dola mbili.

Mstari wa baharini ulikuja baadaye. Kwa hati walizobadilishana Desemba 1975 na Julai 1976, Kenya na Tanzania zilikubaliana juu ya mpaka wa baharini, ambao kati ya Pemba na bara ya Kenya unapita katikati ya maji. Waandishi wa hati hizo hawakuwasahau watu wa dago. Wavuvi wenyeji wa nchi zote mbili, wavuao kwa kujikimu, waliruhusiwa kuvua hadi maili za baharini 12 kila upande wa mpaka wa bahari ya nchi hizo, kwa kufuata kanuni zilizopo; na kila dola ikakubali kuzitambua leseni za mwenzake zinazowahusu wavuvi hao. Leseni ya babu, iliyotolewa miaka miwili baadaye, ilikuwa na nguvu kwa sababu hiyo.

Basi jibu kwa binamu ni hapana. Haki ile ilitolewa kwa mwenyeji anayevua ili aishi, mwenye leseni mkononi. Sisi tulioondoka hatuna hata moja katika hayo. Wanayo jamaa zetu waliobaki, nao hawasikilizani. Walioko Vanga hulalamika kwamba wageni kutoka Pemba huja na nyavu kubwa za kuzungushia na kumaliza samaki wa ufukweni. Walioko Pemba hujibu kwamba wao ni wenyeji wa maji yale tangu enzi za mababu. Wote wawili ni damu yetu, na kila mmoja ana sehemu ya ukweli, kwani hati ile iliyotambua leseni ilitaka pia kanuni zifuatwe.

Kwa hiyo nawaomba, tukipigiwa simu na upande mmoja tusikimbilie kuulaumu wa pili. Leseni nimeirudisha kashani. Nakala zake nimezituma mbili, moja Pemba na moja Vanga.